Neno la Mtafutaji: Sayansi ya Habari na Ujenzi wa Mazingira ya Kidijiti, kwa Mfano wa Cheptais

Cheptais ni mji mdogo wa soko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Elgon, upande wa Kenya, mahali ambapo mpaka wa Uganda hauko mbali. Wenyeji wake wengi ni Wasabaot, ambao lugha yao ni mojawapo ya lugha za Kikalenjin. Chini yao, kuelekea nchi tambarare, wako Wabukusu na Waiteso. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya garini na ya barazani. Mtu wa Cheptais atafutaye jambo la afisi huteremka kwenda Bungoma, makao makuu ya kaunti. Na mbegu bora za mahindi, tangu miaka ya 1960, zimekuwa zikitoka Kitale, ng'ambo ya pili ya mlima. Habari zimekuwa zikiupanda na kuushuka mlima huo kwa njia nyingi, na baadhi ya njia hizo zimegharimu maisha ya watu.

Makala haya yanaichunguza historia ya njia hizo kwa nia ya kuonyesha jambo moja: kwamba mazingira ya habari ya kidijiti, yaani ile mifumo ya kompyuta na simu ambamo raia siku hizi hutakiwa kutafuta hati zake na haki zake, hayawezi kujengwa vyema iwapo mjenzi ataanzia kwenye jalada lake badala ya kuanzia kwenye neno la mtafutaji. Hoja hiyo si mpya. Watafiti wa sayansi ya habari wamekuwa wakiikaribia, kila mmoja kwa njia yake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini sehemu yake kubwa ni hoja ya lugha, na wataalamu wa lugha za Kiafrika wameiacha mikononi mwa wahandisi kwa muda mrefu kupita kiasi.

Yafaa kwanza istilahi yenyewe iangaliwe. Kiswahili kina habari, taarifa, maelezo na maarifa, na hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililolingana sawasawa na dhana inayokusudiwa. Habari ni salamu kabla ya kuwa elimu, na Wizara ya Habari katika nchi za Afrika Mashariki imekuwa ni wizara ya redio na magazeti. Kwa hiyo asikiaye 'sayansi ya habari' huenda akadhani kuwa inazungumziwa kazi ya waandishi wa magazeti. Taarifa nayo hunukia ripoti ya mkubwa kwa mdogo, au ya mdogo kwa mkubwa. Maarifa ni kile ambacho mtu amekwisha kukipata, si kile anachokitafuta. Hapa litatumiwa neno habari, kwa maana ya jambo lolote ambalo mtu hulihitaji ili aweze kuamua la kufanya. Sayansi yenyewe si ngeni katika eneo hili: Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilifunguliwa Makerere mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Kutoka Kitale hadi Eldoret si safari ndefu.

Kipande, baraza na mbegu

Mfumo wa kwanza wa kumbukumbu uliomfikia karibu kila mwanamume wa sehemu hizi haukuwa wa kumpa habari bali wa kuzichukua habari zake. Sheria ya mwaka 1915 ya kuandikisha wenyeji, ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na maelezo ya kazi alizofanya, ikitiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Walioshuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, kuuzunguka mji wa Kitale, walikivaa. Haina budi kukubaliwa kwamba kipande kilikuwa mfumo wa habari uliofanya kazi barabara kwa mtazamo wa aliyeubuni. Mwajiri aliweza kumsoma mtu ambaye mwenyewe hakuweza kujisoma. Lililobaki kwa mvaaji lilikuwa jina; hakulichukua jina la kisheria, bali aliita kitu kile kwa umbo lake, na hata leo wapo wazee nchini Kenya wanaokiita kitambulisho cha taifa kipande.

Mwaka 1932 na 1933 Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya uenyekiti wa Morris Carter, ilisikiliza madai ya watu wa mlima huu, ambao nyaraka za wakati ule ziliwaita El Kony, kuhusu malisho yaliyogeuzwa kuwa mashamba ya walowezi. Madai yalitolewa kwa mdomo na kuhifadhiwa kwa Kiingereza. Wajukuu wa waliosema wakitaka kuyajua maneno ya babu zao, hawana budi kuyatafuta katika lugha ambayo babu hao hawakuisema.

Baada ya hapo palikuwa na baraza la chifu, na baadaye redio. Sauti ya Kenya, kama lilivyoitwa shirika la utangazaji kabla ya 1989, iliwafikia watu wa mlimani kwa matangazo ya vifo, ambayo mtu aliyasikiliza kwa saa iliyojulikana, akitegea jina moja tu kati ya majina mengi. Mfumo huo haukuhitaji mtafutaji ajue namba yoyote. Alihitaji kujua jina la ndugu yake.

Mfano ulio bora zaidi, hata hivyo, ni wa mahindi. Mbegu chotara zilizofaa nyanda za juu za magharibi zilianza kutolewa Kitale katika miaka ya 1960, na H611 ilitolewa mwaka 1964. Uchunguzi wa John Gerhart, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha kwamba wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya walizipokea mbegu hizo kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa Marekani walipopokea mahindi chotara katika miaka ya 1930 na 1940. Wakulima wale wa Marekani walikuwa na magazeti ya kilimo, vyuo na maafisa wengi. Je, wa huku walikuwa na nini? Walikuwa na shamba la jirani lililoonekana kutoka njiani, walikuwa na duka lililouza mbegu karibu na nyumbani, na walikuwa na jina jepesi. Jina lenyewe lilikuwa namba. Mkulima aliweza kuitaja kwa Kiswahili, kwa Kisabaot au kwa Kibukusu bila kuhitaji istilahi, na mwenye duka akaelewa. Mfuko ulipofika nyumbani, mtoto wa shule aliyaona maandishi yaleyale. Neno la mtafiti wa Kitale, la muuzaji na la mnunuzi likawa ni moja. Jambo hilo ni nadra sana katika historia ya habari, na halikutokea kwa mpango wa mtu yeyote.

Orodha ya Chebyuk

Lililotokea katika ardhi lilikuwa kinyume chake. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwahamisha watu walioishi Chepkitale, katika nyika za juu za mlima, na kuwapa makazi Chebyuk, chini ya msitu. Mpango huo ulipitia awamu tatu, na katika kila awamu palikuwa na majina yaliyoingizwa na majina yaliyotolewa. Katika awamu ya tatu, katikati ya miaka ya 2000, ugawaji uliotangulia ulifutwa na kuanzwa upya: waombaji wapatao 7,000 walishindania vipande 1,732, na vipande hivyo viligawiwa nusu kwa nusu baina ya makundi mawili. Waliokosa walitakiwa kuondoka mahali ambapo baadhi yao walikuwa wamelima kwa miongo. Mwaka 2006 kundi la wapiganaji lilijitokeza kupinga kuondolewa huko, na likawageukia raia. Jeshi la Kenya liliingia Machi 2008, nalo likashutumiwa kwa mateso na kwa watu waliopotea. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2008, lilihesabu waliouawa na wapiganaji kuwa zaidi ya 600. Cheptais ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia.

Ugomvi wa ardhi una sababu nyingi, na si nia ya makala haya kuzipunguza zote ziwe moja. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha kuna jambo ndani ya orodha ile lisiloweza kupitwa. Makundi mawili yaliyogawiwa yaliitwa Mosop na Soy. Katika lugha za Kikalenjin, mosop ni nchi ya juu, yenye baridi, na soy ni nchi ya chini, yenye joto. Ni maneno ya mwinuko. Mtu aliweza kuwa na ng'ombe mosop na mjomba soy, akapanda na kushuka kwa majira. Orodha iliyageuza maneno ya mahali yakawa maneno ya watu, na maneno ya watu yakawa safu mbili za karatasi, na kutoka safu moja hadi nyingine hapakuwa na njia. Kundi la Mosop liliitwa pia Ndorobo, neno lililotokana na lile la Kimaasai la kuwataja watu wasio na ng'ombe. Wenyewe hujiita Ogiek. Kwa hiyo mtu aliyetaka kulitafuta jina lake alilazimika kwanza kulikubali neno ambalo mtu mwingine alimpa, tena neno la kumdunisha.

Geoffrey Bowker na Susan Leigh Star, katika kitabu chao cha mwaka 1999 juu ya uainishaji na matokeo yake, walionyesha kwamba kila mpango wa kuainisha huinua mtazamo mmoja na kuunyamazisha mwingine, na kwamba mpango ukishazoeleka hauonekani tena. Mifano yao ilikuwa orodha ya kimataifa ya magonjwa na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Chebyuk wangeweza kuiweka kati ya mifano hiyo bila kubadilisha hoja.

Waliyoyaona watafiti

Katika chuo cha urubani cha Cranfield, Uingereza, Cyril Cleverdon alianza mwaka 1957 majaribio ya kulinganisha njia za kupanga nyaraka. Wakati ule iliaminiwa na wengi kwamba kadiri uainishaji ulivyokuwa wa kitaalamu zaidi, ndivyo mtafutaji alivyopata alichokihitaji. Majaribio ya awamu ya pili, yaliyokamilika mwaka 1966, yalilinganisha lugha 33 za kuorodheshea juu ya nyaraka 1,400. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zile zilizotumia maneno mamoja mamoja ya kawaida, yalivyotokea katika nyaraka zenyewe. Matokeo hayo yaliwaudhi wengi, na Cleverdon mwenyewe hakuyatarajia. Ni dhahiri kwamba yalihusu maandishi ya kihandisi, ambapo mwandishi na msomaji husema lugha moja. Hata hivyo yaliondoa dhana kwamba neno la mtaalamu wa kupanga lina ubora wa asili kuliko neno la mtumiaji.

Mwaka 1959 Calvin Mooers wa Marekani alikuwa amekwisha kutoa kauli kali zaidi. Alisema, kwa muhtasari, kwamba mfumo wa kutafutia habari hautatumiwa iwapo kuwa na habari kunamletea mtu taabu kubwa kuliko kutokuwa nayo. Wengi humnukuu kana kwamba alizungumzia ugumu wa kutumia mashine. La hasha, alizungumzia taabu ya kujua. Ajuaye hulazimika kutenda, kusema, pengine kujibu. Huko Mlima Elgon mwaka 2007, waliodhaniwa kuwa watoa habari walikatwa masikio. Hapo kauli ya Mooers inaacha kuwa ya maktaba.

Mtafiti aliyeisogeza hoja hiyo mbali zaidi alikuwa Elfreda Chatman, ambaye alichunguza maisha ya wafagizi wa chuo kikuu, ya wanawake wazee katika makao yao, na baadaye ya wanawake gerezani. Katika makala yake ya mwaka 1996 alieleza kuwa umaskini wa habari si ukosefu wa vitabu wala wa mashine. Maskini wa habari ni yule aaminiye kwamba hakuna wa kumsaidia, ambaye huona kwamba kufichua shida yake kutamletea hasara kuliko faida, na kwa hiyo huficha na hata kudanganya ili ajilinde. Mfumo unaomtaka mtu kama huyo ajieleze kwanza ndipo usaidiwe umeshamfungia mlango.

Lakini kati ya maandishi yote hayo, ya Robert Taylor ya mwaka 1968 ndiyo yanayomfaa zaidi mwalimu wa lugha. Taylor aliwahoji wakutubi juu ya namna wasomaji wanavyouliza, akaona kwamba swali hupita ngazi nne. Kwanza ni haja isiyo na maneno, aina ya kutotulia. Kisha haja huingia akilini, ikiwa bado haijatengemaa, na mtu huweza kumweleza rafiki kwa kuzunguka zunguka. Ya tatu ni swali lililokamilika. Ya nne ni swali lililopunguzwa, lililokatwa na kushonwa upya ili liukae mfumo, kwa sababu mwulizaji hukisia ni swali la aina gani ambalo mfumo unaweza kulijibu.

Mchukuliwe mjane anayeishi katika shamba ambalo bado liko kwa jina la marehemu baba mkwe wake. Haja yake ya kwanza ni hofu ya kuondolewa. Kwa jirani, kwa Kisabaot, ataisema kama kisa: nani alilima wapi, nani alishuhudia, shemeji alisema nini siku ya matanga. Kwa mzee wa mtaa, kwa Kiswahili, itakuwa swali: je, shamba hili ni la nani? Afisini, au mbele ya kompyuta, hadithi nzima inakuwa namba ya kipande cha ardhi. Ikiwa hana namba, hana swali. Naye Taylor hakuhesabu kwamba ngazi hizo nne zaweza pia kuwa lugha tatu, na kwamba kila apandapo ngazi mjane huyu huacha nyuma lugha anayoijua vizuri na kushika asiyoijua sana. Kinachopungua njiani si mapambo. Ni mashahidi, mipaka na majina, yaani vitu vilevile ambavyo mahakama ingevihitaji.

Mkutubi mzuri, alisema Taylor, humrudisha mwulizaji nyuma kutoka swali lililopunguzwa hadi haja yake. Karani mwenye subira hufanya hivyo bila kusomea. Mashine haifanyi, isipokuwa aliyeijenga amekusudia ifanye.

Majina mengi ya kitu kimoja

Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambayo yangepaswa kujulikana na kila mtunga istilahi. Waliwataka watu watoe majina ya vitu na vitendo vya kawaida, kisha wakapima ni mara ngapi watu wawili huchagua neno moja kwa kitu kimoja. Haikufika mara 20 katika 100. Walihitimisha kwamba mjenzi akichagua neno moja la kuingilia, hata likiwa neno bora, watumiaji wengi watalikosa. Na kwamba dawa si kutafuta neno bora zaidi bali ni kuuwezesha mfumo kuyapokea majina mengi ya kitu kilekile.

Huko Bungoma hati ya shamba ni hati miliki kwa mwalimu wa Kiswahili na taito kwa mwenye shamba. Kuhakikisha mwenye kipande cha ardhi ni utafutaji rasmi katika fomu. Kwa watu ni kufanya sachi. Mpimaji ni savea. Shamba likiwa mjini ni ploti. Maneno hayo ya mtaani hayamo katika kamusi nyingi, nayo ndiyo yanayofanya kazi. Jadi ya usanifishaji, kuanzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, imekuwa ni kuchagua neno moja na kuyaacha mengine, na kwa vitabu vya shule jadi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Kwa mlango wa kutafutia, ina madhara. Kamati ikisema hati miliki, basi taito isiondolewe mlangoni. Ielekezwe tu kwenye jalada lilelile.

Mjadala wa istilahi za kompyuta zenyewe ni ushahidi wa kutosha. Kenya ilishika tarakilishi, Tanzania ikabaki na kompyuta, na wengine wakapendekeza ngamizi. Simu ya mkononi ikaitwa rununu vitabuni na simu kila mahali pengine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya afisi kwa Kiswahili, kilifanya kazi ya kishujaa ya kutafsiri maelfu ya vipengele. Hata hivyo tafsiri ya menyu hujibu swali moja tu: mashine imwambie nini mtu? Swali la pili, mtu aiambie mashine nini, halijibiwi kwa tafsiri.

Nalo lina sehemu ya kisarufi. Mwaka 1980 Martin Porter alitoa kanuni ya kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili mashine itambue kuwa maumbo mengi ni neno moja, na mifumo mingi imejengwa juu ya fikra hiyo. Kiswahili hubadilika mbele. Mjane atafutaye kwa neno warithi hatapata jalada lililoandikwa mrithi, wala urithi, wala aliyerithishwa, kama mashine inangojea mwisho wa neno tu. Tatizo hilo watunga kamusi walilijua kabla ya kompyuta: kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi ya namna hiyo chini ya mzizi wa kitenzi, ikimdai msomaji aijue sarufi kabla ya kuifungua kamusi. Arvi Hurskainen wa Helsinki alionyesha mwaka 1992 jinsi kompyuta inavyoweza kuchambua mofolojia ya Kiswahili kwa ukamilifu. Ufundi upo, basi, kwa zaidi ya miaka 30. Lililokosekana ni mtu wa kuudai unapojengwa mfumo wa umma.

Simu na kibanda

Afrika Mashariki ina mfano mmoja mkubwa wa mfumo uliofuata nyayo za mtumiaji, nao haukutoka kwa wanasayansi wa habari. M-Pesa ilianza kwa majaribio Oktoba 2005, huko Nairobi na Thika, kwa kusudi la kuwawezesha wakopaji wa shirika dogo la mikopo kulipa mikopo yao kwa simu. Wasimamizi wakaona watu wakifanya mambo ambayo hawakupangiwa: wakitumiana pesa wao kwa wao, wakiweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofika. Mpango wa mikopo ukawekwa kando, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Vitenzi vyake vilikuwa kutuma, kutoa, kulipa, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Tena ilifanya kazi kwa simu ya bei ya chini kabisa. Kile ambacho Tom Wilson alikihimiza katika makala yake ya mwaka 1981, kwamba mtumiaji achunguzwe katika maisha yake na si katika mlango wa maktaba tu, ndicho kilichotendwa, ijapokuwa kwa ajili ya faida ya kampuni.

Mfumo wa serikali wa eCitizen, ulioanzishwa mwaka 2014, ulishika njia nyingine. Juni 2023 ulitangazwa kuwa na huduma zaidi ya 5,000. Idadi hiyo ni fahari ya mwenye majalada. Kwa mtafutaji ni msitu. Marcia Bates aliandika mwaka 1989 kwamba watu hawatafuti habari kwa swali moja na jibu moja, bali kama wachumaji wa matunda ya porini, huku wakichuma kidogo, wakisogea, na haja yenyewe ikibadilika njiani. Mtu wa Mlima Elgon hahitaji kuelezwa mfano huo. Lakini mchumaji huhitaji vichochoro kati ya kichaka na kichaka, na mfumo uliopangwa kwa wizara na idara hauna vichochoro. Kuna kuingia na kutoka tu.

Matokeo yake ni kibanda cha saiba. Asiye na simu ya intaneti, au asiyeielewa fomu, huenda kwa kijana mwenye kompyuta, akampa kitambulisho, namba ya simu na mara nyingi neno la siri, kisha akasimama nyuma yake pamoja na wengine wanaosubiri. Kijana huyo ndiye mkutubi wa kweli wa mazingira ya kidijiti, na ndiye anayemrudisha mwulizaji kutoka swali lililopunguzwa hadi haja yake. Hakuna aliyemhesabu wakati wa kujenga. Lakini pia ndiye anayesikia kila kitu. Katika mji ambao orodha moja iliwahi kuwatenganisha majirani, kusema kwa sauti namba ya shamba lako mbele ya watu watano si jambo dogo, na hapo ndipo maneno ya Chatman yanapopaswa kusomwa na wajenzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huilinda kumbukumbu iliyo ndani ya mashine. Sauti iliyo nje yake hailindwi na sheria hiyo. Kama swali la ardhi lingeweza kuulizwa kwa simu ya kawaida, kwa siri, kama pesa zinavyotumwa, wengi wangeuliza ambao sasa hukaa kimya.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ikampa raia haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na ikaitaka dola ikuze lugha za wenyeji. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi: ilizitaka afisi za umma, zinapotoa habari, zizingatie lugha ya mahali, gharama na njia ya mawasiliano inayofaa mahali hapo. Kwa Cheptais, lugha ya mahali ni Kisabaot kwanza. Kwa mzee asiyesoma, njia inayofaa ni sauti.

Aprili 2021 serikali ilizindua Nairobi mfumo wa Ardhisasa, wa kuhamishia masijala za ardhi katika kompyuta, na kazi hiyo imekuwa ikipelekwa katika kaunti nyingine hatua kwa hatua. Jina lake ni Kiswahili kizuri. Kumbukumbu za mlima zitakapoingizwa, karani atakuwa mbele ya orodha za Chebyuk, zenye majina yaliyofutwa na majina yaliyorudishwa, na safu zile mbili za Mosop na Soy. Mashine itamwuliza ni sehemu zipi za karatasi azijaze na zipi aziache. Atakayeamua hilo ni mjenzi wa fomu, miaka kadhaa kabla ya karani kuketi. Na mjane wa Cheptais atakapokuja kutafuta, atakuta ama mahali pa kuandika jina la baba mkwe wake na majina ya waliopakana naye, ama kisanduku kimoja kinachongoja namba.